Asidi inakula shaba: kitu gani kinaweza kuilinda?

Usiku umeingia Kadutu. Umeme wa SNEL umekatika, na familia inawasha taa ya batri. Taa inawaka dakika kidogo, inaanza kufifia, halafu inazimika kabisa. Batri haijamaliza hata mwaka, na paneli ya jua ilikaa juani muchana wote. Kesho yake fundi anakuja. Hata hapimi batri kwanza. Anaangalia pale waya zinapofungwa juu ya batri, kwenye vile vichwa mafundi wanaita kose, na anaonyesha unga wa kijani na bluu ulioota pale kama kuvu. Anasafisha, anafunga tena, na taa inawaka.

Jambo hili linatokea kila siku Bukavu, iwe Ibanda, Kadutu ao Bagira. Watu wengi wanafikiri batri imekufa na wanaenda kununua ingine. Kumbe shida haikuwa kwenye batri. Shida ilikuwa kwenye shaba: asidi imeikula.

Kwa miaka mingi wataalamu wa kemia wanatafuta namna ya kuzuia asidi isikule shaba, bila kutumia dawa zenye sumu. Moja ya majibu waliyopata inashangaza, juu ni kitu ambacho kila mutu anakula kila siku ndani ya sambaza, maharagi na mayai. Kinaitwa asidi amino. Lakini jibu hilo liko na masharti, na ni muzuri kuyajua kabla ya mutu kujaribu kitu chochote nyumbani.

Shaba iko kila pahali

Umeme wa Bukavu unatoka mutoni Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapotokea kuelekea Tanganyika. Kituo cha Ruzizi I kinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II, ambayo Congo, Rwanda na Burundi zinagawana, tangu 1989. Waya kubwa zinazopita juu ya milingoti mara nyingi ni za aluminiamu. Lakini umeme ukishafika nyumbani, unapita ndani ya shaba: waya za ukutani, moteri ya kinu cha kusaga unga, transfo, chaja ya simu, waya za batri na za paneli. Kati ya vyuma vyote, ni fedha tu inayopitisha umeme kuliko shaba, na fedha ni bei kali.

Congo yenyewe ni inchi ya shaba. Leo inashika nafasi ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Hata jina linakumbusha: tangu 1971 mpaka 1997, jimbo la Katanga liliitwa Shaba.

Shaba ikiliwa na asidi, hasara haiko tu kwamba chuma kimepungua. Ule unga wa kijani haupitishi umeme muzuri kama shaba. Umeme unalazimisha kupita pahali pembamba, na pahali pale panaanza kupata moto. Waya inaweza kuyeyusha ngozi yake ya plastiki, na cheche inaweza kuruka. Bukavu, ambako nyumba nyingi ni za mbao na zimebanana kwenye milima, kila mutu anajua moto wa nyumba moja unaweza kumaliza mutaa muzima kwa usiku moja. Ndiyo maana kose chafu si jambo la kuchekea.

Asidi inakula shaba namna gani?

Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma kemia anajua kwamba ukitia musumari wa chuma ndani ya asidi, mapovu yanatoka mara moja na musumari unaanza kuisha. Ukitia shaba safi ndani ya asidi sulfuriki iliyochanganywa na maji mengi, karibu hakuna kitu kinaonekana. Shaba inakaa tu. Sasa kwa nini kose za batri zinaliwa?

Jibu ni hewa. Ndani ya hewa muko oksijeni, na oksijeni ndiyo inafungulia asidi mulango. Oksijeni inagusa shaba na kuigeuza kuwa kitu kingine, oksidi ya shaba. Ile oksidi, asidi inaiyeyusha bila kazi. Ikishayeyuka, shaba mupya inabaki wazi, oksijeni inarudi, na mambo yanaanza tena. Asidi bila hewa inaenda polepole sana. Hewa bila asidi inatia tu shaba rangi ya giza. Vyote viwili pamoja ndivyo vinakula.

Kwenye batri ya risasi, ile ya gari ao ya paneli, muko asidi sulfuriki. Wakati batri inajazwa umeme, mapovu madogo yanapanda na kubeba matone ya asidi hata jicho haliwezi kuyaona. Matone yale yanatoka kwenye vifuniko na kukaa juu ya kose. Pale kuko hewa, kuko asidi, kuko shaba. Kinachozaliwa ni sulfate ya shaba, yenye rangi ya bluu, ambayo wakulima wengine wanaijua kama dawa ya magonjwa ya mimea. Mara ingine kunakuwa na unga mweupe pia. Ule unatoka kwenye risasi ya batri, na ni sumu, zaidi kwa watoto.

Kuko asidi ingine ambayo haingojei hewa: asidi nitriki. Yenyewe inabeba ufunguo wake. Ukitia shaba ndani, inachemka na kutoa moshi wa rangi ya hudhurungi. Moshi ule ni hatari sana kwa mapafu, na mara ingine mutu anaona yuko sawa, halafu kisha saa nyingi anaanza kukosa pumzi.

Kijani ya kose na kijani ya Katanga

Rangi ya kijani inayoonekana kwenye shaba ya zamani haikuanza na batri. Jiwe la malakite, lile la kijani lenye mistari ambalo wachongaji wa Katanga wanafanyia mikufu na visanduku, ni shaba iliyokutana na hewa, maji na gesi ya kaboni ndani ya udongo kwa muda murefu sana. Mababu wa Katanga walilijua jiwe lile. Waliliyeyusha kwenye tanuru za udongo na kutoa shaba, wakaifanya misalaba iliyotumiwa kama feza kwenye biashara. Mafundi wale waliitwa wala shaba.

Leo viwanda vya Kolwezi, Likasi na pahali pengine vinafanya kazi ile kwa njia ingine. Vinasaga udongo wenye malakite, vinautia ndani ya asidi sulfuriki, na asidi inayeyusha shaba. Kisha vinapitisha umeme, na shaba inashikana juu ya sahani kubwa, safi kufikia asilimia 99.99. Kwa hiyo asidi ileile inayoharibu kose nyumbani ndiyo inaletea inchi shaba yake.

Hapa kuko somo moja la maana: asidi inapenda ile kijani kuliko inavyopenda chuma chenyewe. Ndiyo maana mama akipangusa kitu cha shaba na ndimu pamoja na chumvi, kinang'aa mara moja. Asidi ya ndimu imeondoa takataka kwanza.

Shida inaanza pale takataka zimeisha na asidi ingali pale. Chukua mufano wa kamyo la zamani linalopanda Ngomo, kwenye barabara ya Uvira. Moteri inapata moto sana, na fundi anaona radiateri imezibwa na chokaa ya maji. Radiateri nyingi za sasa ni za aluminiamu, lakini za zamani ziko na mirija ya shaba na shaba nyeupe, myembamba sana. Kwenye garaji mingi, mutu anatia asidi ili chokaa iyeyuke. Chokaa inaisha kweli. Lakini asidi ikikaa zaidi, inaanza kula mirija, na kisha wiki kidogo radiateri inavuja. Fundi alitaka kusafisha, kumbe ametoboa.

Kizuizi: kutia mulinzi ndani ya asidi

Viwanda vikubwa viko na shida ileile kwenye mirija yao ya maji moto na mashine za kupoza. Havitaki kuacha asidi, juu hakuna kitu kinaondoa chokaa na kutu haraka kama asidi. Basi vinatia ndani ya asidi kitu kidogo kinachoitwa kizuizi. Kizuizi hakiui asidi. Asidi inaendelea kuyeyusha chokaa. Lakini kizuizi kinaenda kujilaza juu ya chuma na kukifunika, ili asidi na oksijeni visipate pahali pa kushika. Kifuniko chenyewe ni chembamba kabisa, hata jicho haliwezi kukiona.

Kwa shaba, kizuizi kinachojulikana zaidi ni benzotriazoli. Kinatumiwa duniani kote tangu miaka mingi, na kwenye maji ya kawaida kinafanya kazi muzuri. Lakini kiko na kasoro mbili. Ya kwanza, asidi ikiwa kali, nguvu yake inapunguka. Ya pili, haiozi haraka. Ikimwagwa inabaki ndani ya maji, na inaweza kudhuru viumbe vinavyoishi mule.

Kwa muji kama Bukavu, jambo la pili si dogo. Maji machafu ya mitaa mingi yanashuka kwa mifereji mpaka ziwani. Ndani ya ziwa mule muko sambaza, samaki mudogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959 na ambaye leo yuko kwenye sahani za familia nyingi. Kitu kinachomwagwa garajini kinaweza kurudi kwa mulango wa jikoni.

Kwa hiyo wataalamu walijiuliza: je, hakuna kizuizi ambacho kikifika majini, vijidudu vitakikula na kukimaliza?

Asidi amino ni kitu gani?

Jina lisiogopeshe. Asidi amino si asidi ya kuchoma kama ile ya batri. Ni vitofali vidogo vinavyojenga protini. Mutu akikula sambaza, maharagi, mayai ao nyama, tumbo linavunja protini na kupata vitofali vile, halafu mwili unavitumia kujenga misuli, ngozi, nywele na damu. Protini za mwili zinajengwa na aina 20 hivi. Wanafunzi wamezikuta kwenye masomo ya biolojia: glisini, valini, lisini, arginini, triptofani, sisteini na zingine.

Sisteini ndiyo inaangaliwa zaidi hapa, juu iko na kitu ambacho nyingi kati ya zingine hazina: salfa. Kila mutu aliyechoma manyoya ya kuku ao nywele anajua ile harufu mubaya inayotoka. Sehemu kubwa ya harufu ile inatokana na salfa, na salfa ile inatoka kwenye sisteini, ambayo iko nyingi ndani ya manyoya, nywele na kucha. Hata viwanda, kwa muda murefu, vilitoa sisteini kwenye manyoya na nywele. Vingine leo vinaifanya kwa kutumia bakteria. Inatumiwa kwenye dawa, na pia kwenye unga wa mukate ili kinyunga kilainike haraka.

Salfa na shaba zinapendana. Ni kama vile kijiko cha fedha kikikaa ndani ya yai kinakuwa cheusi: salfa ya yai imeshika fedha. Shaba nayo iko hivyo. Sisteini ikiwa ndani ya asidi pamoja na shaba, upande wake wenye salfa unaenda kushika chuma na kukaa pale. Nyingine inakuja kando yake, na ingine, mpaka zinapangana kama mabati juu ya nyumba. Mvua ya asidi inaendelea kunyesha, lakini ndani hapalowani sana.

Picha hiyo inaeleza pia kwa nini kipimo ni cha lazima. Mabati yakiwa machache, nyumba inavuja. Kwa hiyo sisteini ikiwa kidogo sana, kuko pahali shaba inabaki wazi. Na joto likipanda, mara nyingi vitofali vinaanza kuachia, kama mabati yenye misumari iliyolegea.

Watafiti walipata nini?

Namna ya kupima ni rahisi kuelewa. Unachukua kipande cha shaba, unakipima kwenye mizani ya labo, unakitia ndani ya asidi kwa saa fulani, unakitoa, unakiosha, unakikausha na kukipima tena. Uzito uliopotea ndio asidi imekula. Kisha unarudia na kipande kingine sawasawa, lakini mara hii asidi iko na kizuizi. Tuseme cha kwanza kimepoteza miligramu 100, na cha pili miligramu 39. Kizuizi kimeokoa 61 kwa 100, ndiyo kusema asilimia 61.

Mwaka 2008, watafiti wa Maroko walitoa matokeo ya kazi kama hiyo. Walitia shaba ndani ya asidi nitriki na kujaribu asidi amino tano: arginini, sisteini, glisini, lisini na valini. Tatu zililinda shaba: arginini, lisini na sisteini. Sisteini ilishinda zote, na ilifikia asilimia 61 kwa kipimo kidogo sana, kama miligramu 121 ndani ya litri moja.

Lakini sehemu ya pili ya matokeo yale ndiyo watu wengi wanasahau. Glisini na valini hazikulinda kitu. Ziliongeza mwendo: shaba ililiwa haraka kuliko pale asidi ilikuwa peke yake.

Mwaka mumoja mbele, 2007, utafiti mwingine ulipima sisteini ndani ya maji ya chumvi na ndani ya asidi kloridriki. Pale ilifikia karibu asilimia 84. Na mwaka 2002, watafiti wa Italia walikuwa wamepima triptofani ndani ya asidi sulfuriki yenye hewa, kwa joto la digrii 20 mpaka 50, tangu saa moja mpaka saa 72. Nayo ilionekana kulinda shaba.

Ukiweka kazi hizo pamoja, unaona mambo matatu. La kwanza, asidi amino inaweza kulinda shaba kweli. La pili, hailindi kwa asilimia 100. Shaba inaendelea kuliwa, ila polepole. La tatu, na ndilo kubwa, ndugu wawili wa familia moja wanaweza kufanya kazi kinyume: mumoja analinda, mwingine anasaidia mwizi.

Glisini inaonyesha jambo hilo muzuri. Inchini Australia, watafiti wa chuo kikuu cha Curtin wameitumia kwa kazi ya kinyume kabisa: kutoa shaba na hata zahabu ndani ya udongo wa migodi, kwa maji yasiyo ya asidi, ili kupunguza kazi ya sianidi. Kitu ambacho mutu wa radiateri atakikimbia, mutu wa mugodi anaweza kukitafuta. Kwa jimbo kama Kivu ya Kusini, ambako zebaki inachafua mito kwenye machimbo mengi ya zahabu, habari hiyo inafaa kufuatiliwa.

Mbona si ya kujaribu nyumbani?

Mutu anaweza kusoma hapa na kufikiri: basi nitachemsha manyoya ya kuku, nitie maji yake kwenye batri. Hapana. Kuko sababu nne.

Moja, manyoya hayaachii sisteini ndani ya maji ya moto. Protini yao ni ngumu sana, ndiyo maana mvua hainyeyushi kuku. Viwanda vinaivunja kwa kuichemsha ndani ya asidi kali kwa saa nyingi, kazi ambayo haina pahali jikoni.

Mbili, hata kama kitu kingetoka, kingekuwa muchanganyiko wa asidi amino nyingi, zenye kulinda na zenye kuharibu, bila kujua kila moja iko kiasi gani.

Tatu, ndani ya batri hakuna shaba ya kulinda. Muko sahani za risasi, na asidi ile ndiyo inatoa umeme. Kutia kitu kingine mule ni kuiua batri. Kinachoongezwa ni maji safi ya batri peke yake, na kwa zile tu zenye vifuniko vya kufungua.

Nne, kazi hizi zote zilifanyiwa kwenye labo, na vipande vidogo na asidi iliyopimwa. Kati ya labo na garaji kungali njia: bei, namna ya kutunza dawa, siku ngapi inadumu, inafanya nini radiateri ikiwa na chuma cha aina nyingi.

Sasa, mutu wa Bukavu afanye nini?

Hata bila sisteini, akili ya kizuizi inaweza kutumika leo: funika shaba, ili asidi na hewa visikutane juu yake. Kwa kose za batri, kazi inaenda hivi.

Kwanza, zima vyote vinavyotumia umeme, na kata paneli ya jua. Fungua mulango na dirisha. Batri inayojazwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna mushumaa. Vaa kitu cha kulinda macho, na hata mufuko wa plastiki mikononi kama hakuna ngavu.

Pili, fungua kose ya alama ya kutoa kwanza, halafu ile ya kujumlisha. Ukirudisha, fanya kinyume: ya kujumlisha kwanza, ya kutoa mwisho. Hii inapunguza cheche.

Tatu, chukua bikarbonati, ile wamama wengine wanatia kwenye maharagi yaive haraka. Changanya kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji. Hakikisha vifuniko vya batri vimefungwa, kisha pangusa kose na burosi nzee iliyolowa. Itatoa povu: ni asidi inauawa. Povu likiisha, pangusa na kitambaa cha maji safi, kisha kausha kabisa. Ndimu hapa haifai. Ndimu yenyewe ni asidi.

Nne, funga kose nguvu, halafu paka grisi ao vaselini juu yake. Hiyo ndiyo bati lako. Si sisteini, lakini inazuia matone ya asidi na hewa visifike kwenye shaba. Angalia tena kila mwezi. Unga ukirudi haraka sana, pengine batri inajazwa kupita kiasi ao kifuniko kinavuja. Pale itafaa fundi.

Tano, nawa mikono na sabuni kabla ya kugusa chakula ao mutoto. Kitambaa na burosi visirudi jikoni. Batri iwekwe pahali watoto hawafiki.

Kwa mafundi wa radiateri, neno ni moja: asidi isikae ndani kuliko inavyohitajika, na isiwe ya nitriki. Ukichanganya, tia asidi ndani ya maji, kamwe maji ndani ya asidi, juu inaweza kuruka usoni. Maji yaliyotumika yauawe na bikarbonati ao chokaa kabla ya kumwagwa, na hata hivyo yasiende moja kwa moja kwenye muferiji unaoshuka ziwani.

Kazi inayobaki

Bukavu iko na pahali ambapo kemia inafundishwa, kama ISP na chuo kikuu cha serikali, UOB. Kupima kama sisteini inaweza kulinda mirija ya radiateri ya zamani, kwa asidi inayotumiwa kweli na mafundi wa hapa, hakuombi mashine za ajabu: mizani ya labo, vipande vya shaba, saa, na mwalimu anayesimamia. Swali linabaki kwenye bei na kwenye uvumilivu wa kurudia mara nyingi, mpaka jibu liwe la kuaminika.

Kwa sasa, umeme ukikatika tena na taa ya batri ikianza kufifia, kabla ya kutafuta feza ya batri mupya, chukua tochi uangalie kose. Kama kuko unga wa kijani, usiwashe kitu tena mpaka muchana. Asubuhi, kikombe cha maji, kijiko cha bikarbonati na vaselini kidogo vinaweza kurudisha mwanga nyumbani.